Kabla ya Kutegemea Jua Kupasha Joto Gereji

Jambo la kwanza kuhakikisha, kabla ya kutumia fedha yoyote, ni upande ambao mlango wa gereji unatazama. Mji wa Minneapolis, Marekani, uko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, na mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hupanda nyuzi 22 hivi tu upande wa kusini. Aliyekulia Mombasa au Kisumu, ambako jua la saa sita hukaribia utosi mwaka mzima, huenda asiitambue mara moja faida iliyomo: jua hilo la chini huukabili mlango wa kusini karibu uso kwa uso, na theluji iliyotanda mbele yake huuakisi mwanga na kuuongeza. Mlango wa kaskazini haulioni jua hilo kabisa, na mwenye gereji ya namna hiyo ningemshauri ahangaikie kuziba upepo tu. Kivuli cha nyumba ya jirani nacho kipimwe Desemba yenyewe, kwa kuwa kile cha Julai ni kifupi mno.

Mlango wa chuma wenye povu la kuhami ndani hauingizi joto la maana hata ukipakwa rangi nyeusi, kwa sababu joto hubaki kwenye bati la nje na kupeperushwa na upepo. Kinachoingiza joto ni kioo au polikaboneti angavu, yaani plastiki ngumu ipitishayo mwanga.

Hapo ndipo panapohitaji hesabu makini, kwani mchana wa Desemba huwa na urefu wa karibu saa tisa tu na usiku huchukua zote zilizobaki. Kioo cha tabaka moja hupoteza takriban wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti kati ya ndani na nje. Kwa hiyo mlango wa kioo wa mita za mraba 10, ndani kukiwa na digrii 5 na nje hasi 15, hupoteza zaidi ya wati 1,100 usiku kucha. Kioo cha tabaka mbili hupunguza upotevu huo kwa karibu nusu. Kwa maoni yangu, asiye tayari kufunika kioo kwa bodi za povu kila jioni asibadilishe mlango, maana usiku utakula alichokusanya mchana, na siku za mawingu atakuwa amepata hasara tupu.

Joto la mchana linahitaji pia mahali pa kutunzwa. Sakafu ya zege hufaa pale inapopigwa na jua, isifunikwe na gari wala mikeka. Pipa la maji la lita 200 likipoa kwa digrii 10 hutoa zaidi ya kilowati-saa 2, lakini lisijazwe pomoni, kwani maji yakiganda hutanuka.

Mipira ya kuziba kingo za mlango ikaguliwe kabla ya Novemba. Gereji iliyozibwa vizuri isiwashwe gari ndani hata kwa dakika chache, hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Na kwa kuwa kioo hubadilisha uzito wa mlango, springi zake lazima zirekebishwe upya na fundi mwenye ujuzi. Zimekazwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono au kuua.