Kumpaka mtoto timololi kwenye hemanjioma: hatua kwa hatua

Chupa yenyewe ni ya dawa ya macho. Mzazi akisoma karatasi ya ndani anakuta habari za presha ya macho tupu, ngozi haikutajwa, basi ananipigia simu: daktari, hawajanipa dawa siyo? Hawajakosea. Timololi ya asilimia 0.5 ni dawa ya macho kweli, ila tunaitumia pia kwa hemanjioma, ule uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu unaoota kwenye ngozi ya mtoto mchanga. Njia ilifunguliwa na ndugu yake, propranololi. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi hemanjioma ilivyonywea kwa mtoto aliyepewa dawa hiyo kwa ajili ya moyo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni hemanjioma. Uliza doa lilianza lini. Hemanjioma huanza kama doa hafifu, au mtoto anazaliwa bila kitu, kisha baada ya wiki chache panakuwa pekundu na kuinuka. Doa bapa la rangi ya zambarau lililokuwepo tangu siku ya kuzaliwa, likakua polepole kadiri mtoto anavyokua, ni jambo jingine; hilo hutibiwa kwa leza, na timololi utaipaka bure. Vilengelenge vilivyosongamana mfano wa mayai ya chura huenda ni hitilafu ya mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwili. Hapo dawa ya kupaka tunayoifikiria ni sirolimu, na ni uamuzi wa daktari bingwa.

Hatua ya 2: Angalia kama inafaa kupakwa. Inayofaa ni ndogo, nyembamba, ya juujuu. Mimi huibana taratibu kwa vidole viwili: nikihisi bonge chini ya ngozi, najua matone hayatafika huko. Iliyo karibu na jicho, kwenye mdomo au ncha ya pua, au iliyochanika ikawa kidonda, usiihangaikie nyumbani. Iliyotanda kidevuni inaweza kuwa na mwenzake kwenye njia ya hewa. Na mtoto akiwa na tano au zaidi, tunampiga ultrasaundi ya ini, kwani nyingine huweza kujificha humo. Mtoto njiti, mwenye kifua kinachobana au mwenye tatizo la moyo, asipakwe hata tone kabla hajapimwa.

Hatua ya 3: Usingoje. "Itaisha yenyewe," bibi atasema, na sisi madaktari tulisema hivyo miaka mingi. Ni kweli hunywea, lakini nyingine huacha ngozi iliyolegea au kovu. Kasi yake kubwa ya kukua huwa kati ya wiki ya 5 na ya 7, wakati ambao wazazi wengi bado wanashauriana.

Hatua ya 4: Paka. Nawa mikono. Dondosha tone moja kwenye ncha ya kidole chako, si moja kwa moja kwenye ngozi ya mtoto, kwa sababu chupa ikiminywa zaidi kidogo yanaanguka mawili au matatu. Sambaza mpaka ukingoni mwa wekundu, usisugue, acha pakauke kabla ya kumvalisha. Kama ni mahali anapoweza kulamba, funika mpaka pakauke. Asubuhi tone moja, jioni tone moja. Daktari wako akiandika vinginevyo, fuata lake.

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Mama mmoja alirudi kuomba chupa nyingine siku ya tisa. Chupa ya mililita 5 ina matone kama 100. Kwa mawili kwa siku haiwezi kuisha hivyo. "Nilikuwa nampaka kama mafuta," akaniambia. Nilimpima mtoto mapigo ya moyo palepale, yakawa sawa, nikashusha pumzi. Tone moja lina kama miligramu 0.25, na ikipita kwenye ngozi haipitii kwanza kwenye ini, ambako ingepunguzwa nguvu, kama ya kunywa. Kwa mtoto wa kilo nne si mchezo.

Hatua ya 5: Jua dalili za kuacha. Analala kuliko kawaida na haamki kunyonya, anapumua kwa mluzi, amepoa na kutoka jasho, au amefifia rangi: acha dawa, nenda hospitali saa hiyohiyo, na uichukue chupa.

Hatua ya 6: Piga picha. Kila wiki, dirisha lilelile, rula pembeni. Jicho la mzazi anayeiona kila siku halioni tofauti. Rangi hutangulia: wekundu unapoa, katikati panaanza kuwa kijivu kama majivu. Ubapa huja baadaye. Tunaendelea kwa miezi, mara nyingi mpaka mtoto anakaribia mwaka, kwani ukiacha mapema inaweza kuchipuka tena. Wekundu ukirudi baada ya kuacha, usianze mwenyewe. Nipigie na unitumie picha ya mwisho na ya leo.