Gari imekwaruzwa? Ijue kazi yenyewe kabla fundi hajakutajia bei

Ukiendesha hapa Mombasa kuguswa ni lazima, kama si tuktuk Mwembe Tayari ni mkokoteni Kongowea, ama ile foleni ya feri Likoni ambapo kila mtu ataka kuingia kwanza. Sasa wengi wakikwaruzwa wanaenda gereji moja kwa moja na kuuliza "fundi, hii ngapi?" na hapo ndo bei inapopanda, maanake fundi ashaona hujui unachotaka. Anza kuangalia mwenyewe.

Osha pale mahali, kausha, alafu pitisha ukucha ukikatiza mkwaruzo. Usipokwama, mkwaruzo umeishia kwenye klia, ule utando wa juu unaong'aa, na hapo spray ya nini? Kompaundi, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi, na kitambaa laini vinatosha, sugua taratibu usije ukaila klia yote. Hata rangi ya gari iliyokugonga ikiganda kwako mara nyingi inatoka hivyo hivyo. Ukucha ukikwama na ndani waona rangi nyingine, aghalabu kijivu, hiyo ni praima, rangi ya chini inayopakwa kwanza juu ya bati, sasa rangi inahitajika ila haina haraka sana.

Lakini ukiona bati lenyewe, tafadhali usilale nalo. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mwenye kupaki Nyali ama Bamburi karibu na bahari anajua kutu isivyongoja, inaanza na wekundu kidogo alafu inatambaa chini ya rangi nzima, na kazi iliyokuwa ya chupa ndogo ya rangi inakuwa ya kukata bati na kuchomelea. Piga msasa laini pale tu palipochubuka, futa vumbi, hakikisha pamekauka kabisa, paka praima ya kuzuia kutu, ikikauka weka rangi kidogo kidogo kwa brashi nyembamba. Kama huna kitu siku hiyo, pakaushe upake kyuteksi isiyo na rangi, itakushikia siku kadhaa mpaka upate vifaa.

Bampa ya plastiki ikibonyea na rangi haijapasuka, mwagia maji yaliyochemka pale palipobonyea, sukuma kutoka ndani ukiwa na glavu, ikirudi mwagia maji baridi ikaze. Ikiwa imepasuka ama vishikio vimekatika, uliza kwanza bei ya bampa ya mtumba ya rangi kama yako, saa zingine inatoka rahisi kuliko kuunga na kupiga rangi.

Sasa bei. Mafundi huhesabu kwa paneli, kwa hivyo mkwaruzo mfupi uliogusa mlango na madigadi ni paneli mbili, na mrefu ndani ya mlango mmoja ni moja. Rangi nayo ina maneno yake: nyeupe ya kawaida ni rahisi kulinganisha, silva ni ngumu na mara nyingi fundi anafifisha rangi mpaka paneli ya jirani ili tofauti isionekane, hapo akikuhesabia zaidi hajakuibia. Nyeupe ya lulu inapigwa kwa hatua tatu, ghali zaidi. Toyota nyingi zina kibati kwenye nguzo ya mlango ama ndani ya boneti, tafuta palipoandikwa C/TR, hapo ndo pana namba ya rangi, 040 ni nyeupe ya kawaida na 070 ni ya lulu. Nenda na hiyo namba duka la rangi uulize bei kabla ya kwenda gereji, alafu mwambie fundi akutenganishie kunyoosha, vifaa, rangi na spea. Zungukia mafundi watatu. Anayekataa kutenganisha, mwache.

Angalia pia nafasi kati ya boneti na madigadi, upande mmoja ukiwa wazi kuliko mwingine ama taa imesogea, hiyo si kazi ndogo tena, bampa ifunguliwe muone ndani ndo mkubaliane bei. Na kama una bima kubwa, uliza ile sehemu unayolipa mwenyewe ni ngapi na punguzo la kutodai utalipoteza au la, kwa mkwaruzo mdogo mara nyingi kulipa mfukoni ni nafuu. Bima ya thadi pati haitengenezi gari yako.

Kuhusu puti, ile lami ya kuziba mabonde kwenye bati kabla ya rangi, sina huruma. Kazi ya puti ni kusawazisha, safu nyembamba ya milimita mbili tatu baada ya bati kunyooshwa, si kujaza shimo. Nene inapasuka. Beba sumaku ndogo, ikishika vizuri mlango mwingine na hapa inateleza, umejaziwa. Na gereji za wazi msimu wa masika ziogope, unyevu ukiwa mwingi rangi inatoka na ukungu mweupe, subiri siku kavu hata ukichelewa wiki.

Lipa nusu, na iliyobaki toa ukishaiona gari nje juani, ukiwa umesimama pembeni ukaitazama kwa ubavu, maanake ndani ya gereji kila rangi yafanana. Nta usipake mpaka mwezi mzima upite tangu kupigwa rangi.