Mwili nyuma ya kioo: namna ya kuandaa onyesho la kwanza

Mwaka 1972 Ana Mendieta, msanii mzaliwa wa Kuba aliyepelekwa Marekani akiwa na umri wa miaka 12, alibana uso na mwili wake kwenye kioo angavu, kama cha dirisha, akapigwa picha. Pua ikalala, midomo ikapinda. Hadi leo ndilo zoezi ninalowaanzishia wanafunzi wa sanaa ya utendaji, ambamo mwili wa msanii ndio kazi yenyewe, kwa sababu kioo hukugeuza sura bila wewe kuigiza. Kazi yako ni kuamua ubane nini, na kwa muda gani.

Hatua ya 1: Swali. "Mimi ni nani" ni pana mno. Chagua sehemu moja ya mwili ambayo watu hukuhukumu kwayo kabla hujafungua mdomo: pua, kovu, tumbo. Andika sentensi moja kuihusu. Ikikataa kuandikika, chagua nyingine.

Hatua ya 2: Kioo. Agiza kioo kilichokazwa kwa moto, unene milimita 10, kingo zimesagwa. Hakikisha vipimo kabla hakijaingia tanurini, maana kikishakazwa hakikatiki tena. Kikivunjika hugeuka chembechembe badala ya vipande virefu vyenye makali. Meta moja ya mraba ina kilo 25 hivi, kwa hiyo kifungwe kwenye fremu imara iliyokazwa sakafuni. Kioo cha kawaida cha dirisha usikiegemee kabisa, hata mazoezini. Akriliki nayo inafaa: ni nyepesi, ila huchubuka upesi na hubonyea ukiisukuma.

Hatua ya 3: Mazoezi. Weka kamera upande wa pili, kisha egemea polepole. Utaona ncha ya pua ikipauka damu inapokimbia, na ukungu wa pumzi ukitanda chini yake, halafu ukifutika kuanzia pembeni. Tulia hapo. Ninachokataza kila mara ni kukunja uso ili kuonyesha uchungu. Kioo kimeshafanya kazi hiyo.

Hatua ya 4: Taa. Hapa ndipo onyesho linapopona au kufa, basi zipe taa muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Ukimulikwa wewe na ukumbi ukiwa giza, watazamaji wanakuona. Ukizima taa yako na kuwasha ya kwao, wanajiona wenyewe, nawe unatoweka. Shusha moja taratibu huku nyingine ikipanda. Taa ya ukumbi inapoizidi yako kiasi cha kuzifanya sura zionekane kwa nguvu sawa, ya mtazamaji na yako hukaa pamoja kwenye kioo kimoja, jicho lake juu ya shavu lako, na hawezi tena kukutazama bila kujitazama. Mwambie fundi wa taa abaki hapo hadi ukumbi uanze kujisogeza vitini.

Hatua ya 5: Onyesho. Dakika 15 zinatosha. Msaidizi akae karibu, na mkubaliane ishara ya kusimamisha, kwa mfano kupiga kioo kwa kiganja mara mbili.

Hatua ya 6: Usifute! Mafuta ya ngozi yameacha paji la uso, shavu, mistari ya viganja. Tandaza kitambaa cheusi nyuma ya kioo, mulika kutoka ubavuni, na alama zote zitang'aa. Piga picha siku hiyohiyo kabla vumbi halijatua. Wakati wa kukihamisha muwe wawili, mmevaa glavu, na mkishike kingoni tu.