SOMO: Muvi ya mapigano imelipa au imekula hasara? Piga hesabu hivi

Wakuu, nimechoka. Muvi mpya ikitoka tu inboksi inajaa swali lile lile, na kijiweni kwetu Ngarenaro hakosekani mtu wa kubisha kwamba muvi ya Furiosa "ilipata faida ya dola milioni sita". Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia hii.

Hatua ya 1. Tafuta bajeti ya kutengeneza. Furiosa (2024) inatajwa dola milioni 168.

Hatua ya 2. Tafuta mauzo ya tiketi dunia nzima. Ilipata kama milioni 174.

Hatua ya 3. USITOE 168 kwenye 174 ukasema hiyo ni faida! Hapa ndipo watu wanapoteleza, na mimi niliwahi kuwabishia kijiwe kizima nikiwa nimekosea. Ile 174 ni hela iliyopita dirisha la tiketi, siyo iliyofika studio, yaani kampuni yenye muvi. Mwenye ukumbi anakata chake kwanza. Kwa makadirio, Marekani studio inabaki na nusu hivi. Nchi nyingine, wastani wa 40 katika kila 100. China, muvi ya kigeni iliyoingia kwa mgao wa mapato inapata 25 tu. Sasa gawanya: Marekani na Kanada Furiosa iliuza kama milioni 67, nusu yake 33 na ushee. Kwingine kama 107, asilimia 40 yake ni 43 hivi. Jumla haifiki 77, na mtaji ni 168. Pengo ni zaidi ya milioni 90, na hujagusa matangazo.

Tahadhari mbili. Mauzo ya "dunia nzima" tayari yana ya Marekani ndani, usiyajumlishe tena. Halafu usikate nusu kila mahali; muvi iliyobebwa na China itakudanganya vibaya.

Hatua ya 4. Ongeza matangazo. Hayamo kwenye bajeti ya hatua ya 1. Trela, mabango, kuwazungusha mastaa dunia nzima: kwa muvi kubwa yanaweza kupita milioni 100, na studio huwa hazitaji.

Hatua ya 5. Ukiwa na haraka, zidisha bajeti mara 2.5 upate mauzo ambayo muvi inahitaji ili isile hasara. Furiosa ilihitaji kama 420. Sasa angalia Taken (2008): bajeti kama milioni 25, ilihitaji 62 na nusu, ikauza zaidi ya 220. Mzee mmoja, simu moja na Paris. Hiyo ndiyo biashara.

Maswali chini.

Chalii_wa_Sakina: Mkuu sijasoma yote, kwa hiyo Furiosa faida yake milioni 6?

Mtoa somo: Hatua ya 3.

Chalii_wa_Sakina: Si ungejibu tu kaka.

Mtoa somo: Nimejibu kabla hujauliza.

Mangi_Mdogo: Hiyo 2.5 umeitoa wapi? Usije ukawa umeipika.

Mtoa somo: Sijaipika, ni kanuni ya mtaani ya watu wa biashara hiyo, wala siyo sheria. Bajeti ikiwa 100, mauzo yakawa 250, nusu yake ni 125. Mia inarudisha mtaji, 25 inapunguza deni la matangazo, linalobaki wanategemea televisheni, diski na majukwaa ya mtandaoni. Kama una kanuni bora iweke hapa, tutaitumia.

Binti_Meru: Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo muvi inaweza kufeli ukumbini halafu ikaja kulipa baadaye?

Mtoa somo: Marahaba dada, swali zuri. Ndiyo. Waterworld (1995) ilikula kama milioni 175 na kuuza kama 264, hivyo ukumbini ilipwaya. Kilichokuja kuiokoa ni kanda za video na haki za televisheni. Ndiyo maana mimi nasema "imefeli ukumbini" na sisemi "imefeli" tu. Angalia pia mfululizo. John Wick ya 2014 ilitengenezwa kwa kati ya milioni 20 na 30, ikauza kama 86. Ya nne, 2023, bajeti kama 100, mauzo kama 440. Studio ilipandisha dau polepole, baada ya kuona steringi anauza.

Mangi_Mdogo: Na sisi tulioiangalia kibanda umiza Majengo, Moshi, tumo kwenye hiyo 440?

Mtoa somo: Humo hata kwa senti, Mangi. Hiyo hela ni ya mwenye kibanda.

Fundi_Projekta: Naongezea. Tukiongelea muvi za zamani, muwe makini. Hatari! ya 1962, ile ya kukamata wanyama ya John Wayne aliyoiongoza Howard Hawks, ilipigwa huku kwetu Arusha, Momella ikiwemo. Magazeti ya Marekani ya enzi hizo mara nyingi yaliandika hela iliyorudi kwa msambazaji, siyo mauzo yote ya tiketi. Ukiikata nusu tena unaionea.

Mtoa somo: Asante sana mzee wangu, hii naiingiza hatua ya 3. Kumbe ndiyo maana namba za muvi za kale zinaonekana ndogo hata kabla hujafikiria thamani ya dola.

Binti_Meru: Kwani Momella walikamata wanyama kweli au ni ujanja wa kamera?

Fundi_Projekta: Kweli kabisa. Waigizaji wenyewe walikuwa kwenye magari wakiwafukuza vifaru. Hardy Krüger, mmoja wao, alipapenda mpaka akawa na shamba hapo Momella.

Chalii_wa_Sakina: Hiyo Hatari! ilipata faida shilingi ngapi?

Mtoa somo: Chalii, hatua ya 1. Anza kutafuta bajeti.