Mapazia ya nyumba ya Dodoma: kuchagua, kupima na kufunga

Pazia linalodumu miaka mitano Dar es Salaam linaweza kuchakaa mapema Dodoma. Huku jua ni kali, vumbi jekundu hupenya hata dirisha likiwa limefungwa, na kiangazi kikikolea upepo huvuma mchana kutwa. Kwa hiyo anza na dirisha lenyewe, rangi itafuata.

1. Fahamu dirisha linaangalia wapi

La magharibi ndilo lenye kazi. Jua la kuanzia saa tisa alasiri linakuja chini, upenu wa bati hauwezi kulizuia. Hapo weka pazia zito lenye bitana. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, hivyo Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Madirisha ya pande hizo yanatoshwa na shela (pazia jepesi linalopitisha mwanga) pamoja na pazia la kawaida.

2. Kitambaa na rangi

Chukua poliesta, au mchanganyiko ambao poliesta imezidi: nyuma ya kioo inahimili jua, hairudi ikifuliwa, inakauka haraka. Pamba tupu hupauka na kurudi. Ukiipenda sana, ifue na kuianika kabla fundi hajaikata. Velveti siipendekezi kabisa kwa nyumba za pembezoni ambako barabara bado ni za vumbi. Blaindi za vibao vya kulala nazo zinachosha, maana kila kibao kinataka kufutwa peke yake. Ukitaka blaindi, nunua ya kitambaa inayoviringishwa, na kamba yake uifunge juu, kwani kamba inayoning'inia inaweza kumnyonga mtoto.

Kaki na rangi ya maziwa ya chai huficha vumbi. Nyeupe iache kwa shela.

3. Kupima na kununua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usipime dirisha, pima mahali bomba la kutundikia pazia litakapokaa. Bomba lizidi dirisha sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Dirisha la mita 1.5 linataka bomba la mita 1.9. Kona ya ukuta ikibana upande mmoja, punguza pande zote mbili sawasawa, la sivyo dirisha litaonekana limehama.

Sasa zidisha urefu wa bomba: pazia la ringi (lenye matundu ya ringi juu) mara 2, shela mara 2.5. Ukipunguza hapo, pazia likifungwa hunyooka kama shuka kambani, hata kitambaa kiwe cha bei gani. Afadhali kitambaa cha bei nafuu kilichojaa marinda kuliko cha ghali kilichopunjwa.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji upana wa jora. Vitambaa vingi vya mapazia vina mita 2.8, na upana huo ndio unaogeuka kuwa urefu wa pazia. Unanunua kwa kufuata bomba: 1.9 mara 2 ni 3.8, ongeza sentimita 20 za pindo za pembeni, jumla mita 4.

Jora la mita 1.5 lina hesabu nyingine kabisa, kwa sababu hukatwa vipande vya kusimama. Gawa 3.8 kwa 1.5, unapata 2.5 na ushee, kwa hiyo vipande 3. Kutoka bomba hadi sakafuni ikiwa mita 2.25, ongeza sentimita 10 za juu na 15 za chini: kila kipande mita 2.5, vyote mita 7.5. Ukibeba hesabu ya jora pana ukanunua jembamba, mita zako 4 zitatoa kipande kimoja kizima na kibaki kisichofika chini. Kitambaa chenye maua makubwa kinahitaji nyongeza ya ua moja zima kwa kila kipande baada ya cha kwanza, ili maua yakutane kwenye mshono.

Urefu upime sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, maana sakafu nyingi haziko sawa. Fuata kipimo kifupi, na pazia liishie sentimita 1 juu ya vigae. Tumia tepu ya chuma; futi kamba ya cherehani hutanuka kwa kutumika.

4. Kwa fundi cherehani

Pazia hushonwa pande mbili zinazokutana katikati; ringi za kila upande ziwe namba shufwa, ili kingo zote mbili zigeukie ukutani. Upande wa mita 1.9, yaani nusu ya zile 3.8, unataka ringi 12, zikiachana sentimita 16 hivi. Shela ishonewe mnyororo mwembamba wa uzito ndani ya pindo la chini, la sivyo upepo utaitoa nje na kuichana kwenye nondo.

5. Bomba

La chuma, mistari miwili, shela nyuma. Likizidi mita 2, weka kishikizo cha tatu katikati.

Juu ya dirisha kuna linta ya zege, na drili ya kawaida haiingii. Tafuta drili ya kugonga, biti ya zege ya milimita 8, fisha (plagi za kushikia skrubu ukutani) za ukubwa huohuo, na skrubu za milimita 60 zinazovuka plasta na kushika zege. Biti ikigota ghafla imekutana na nondo. Sogea sentimita 3, usilazimishe.

6. Kufua

Kung'uta nje kwanza hadi vumbi liishe. Vumbi likilowa ndani ya kitambaa linakuwa tope, na alama yake haitoki kirahisi. Anika kivulini.