Jinsi ya kutumia kipokezi cha GPS kuwa chanzo cha saa katika kompyuta za Linux na BSD

Kipokezi cha GPS hakiwezi kujua mahali kilipo bila kujua saa pia. Kila setilaiti ya mfumo huo imebeba saa za atomu, na hutangaza bila kukoma wakati wake pamoja na njia inayopita angani. Kipokezi husikiliza setilaiti nne au zaidi, hulinganisha nyakati ambazo mawimbi yamefika, na kutokana na hesabu hiyo hupata kwa pamoja latitudo, longitudo, kimo na wakati. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri takriban mita 300 kwa mikrosekunde moja, kipokezi kinachokosea mahali ulipo kwa mita chache tu ni lazima kiwe kinaijua saa kwa kosa lisilofika hata sehemu ya kumi ya mikrosekunde. Usahihi huo umo tayari ndani ya kifaa, hata kilicho rahisi. Kinachobaki ni kuufikisha kwenye saa ya kompyuta bila kuupoteza njiani, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kipokezi hutoa wakati kwa njia mbili ambazo hazifanani na ambazo hazina maana kamili mpaka ziunganishwe.

Sentensi na pigo

Njia ya kwanza ni sentensi za NMEA, yaani mistari ya maandishi inayotoka kwenye mlango wa siriali, kwa kawaida mara moja kila sekunde. Sentensi ya RMC hutaja tarehe, saa na mahali. Sentensi ya ZDA hutaja tarehe na saa peke yake. Maandishi haya husafiri polepole. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde hupita herufi 960 tu, hivyo sentensi yenye urefu wa juu unaoruhusiwa, ambao ni herufi 82, huchukua karibu milisekunde 85 kupita kwenye waya, na kwa kasi ya 4800 huchukua mara mbili ya hapo. Tena, kipokezi huanza kuandika baada tu ya kumaliza hesabu zake, na idadi ya setilaiti zinazoonekana hubadilisha urefu wa maandishi yanayotangulia sentensi unayoisubiri. Kwa hiyo sentensi hukuambia kwa uhakika ni sekunde ipi, lakini haiwezi kukuambia sekunde hiyo ilianza lini hasa.

Njia ya pili ni pigo la kila sekunde, linalojulikana kwa herufi PPS. Huo ni waya mmoja ambao volti yake hupanda pale sekunde inapoanza, kwa kosa ambalo kwa kawaida ni makumi ya nanosekunde. Pigo halina jina. Mapigo yote yanafanana, wala hakuna namna ya kujua kutokana na pigo lenyewe kama ni la saa hii au la jana. Mipangilio yote inayofuata ina lengo moja: kuifanya kompyuta ilipe kila pigo jina la sekunde lililotajwa na sentensi inayohusika. Ukilishika jambo hili, kila mstari wa mipangilio utakuwa na maana, na hitilafu nyingi utazitambua bila kubahatisha.

Kuchagua na kuunganisha kifaa

Chagua kipokezi ambacho pini ya PPS imetolewa nje na inafikika. Vipokezi vingi vya USB vilivyotengenezwa kwa ajili ya ramani havina waya huo, na programu hubaki na sentensi peke yake. Saa utakayoipata itayumba kwa makumi ya milisekunde, kiasi ambacho mara nyingi ni kibaya kuliko kile unachopata kutoka kwenye seva nzuri zinazotangaza saa kwenye intaneti. Hata pale pigo linapopitishwa kwenye USB, kompyuta huuliza habari za kifaa kwa vipindi, ambavyo katika USB ya kasi ya kawaida ni vya milisekunde moja, na uyumbaji huo hauondoki. Ninashauri USB itumike pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Kwenye kompyuta yenye mlango wa RS-232 wa pini tisa, pigo huingizwa katika pini namba 1, iitwayo DCD. Kwenye bodi kama Raspberry Pi, pigo huingizwa katika pini mojawapo ya GPIO, yaani pini za matumizi ya jumla, na GPIO 18, ambayo ni pini ya 12 ukihesabu kwenye bodi, hutumiwa na watu wengi. Waya wa kipokezi unaotuma maandishi huunganishwa na GPIO 15, ambayo ndiyo inayopokea, na ule unaopokea huunganishwa na GPIO 14. Angalia volti kabla ya kuunganisha chochote: pini za Raspberry Pi zinastahimili volti 3.3 tu, na kipokezi kinachotoa volti 5, achilia mbali kile cha RS-232, kinaweza kuiharibu bodi papo hapo.

Antena iwekwe mahali inapoiona anga kwa upana. Kebo yake huchelewesha mawimbi kwa takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 huleta kosa la nanosekunde 50, ambalo saa ya kompyuta ya kawaida haiwezi hata kulihisi. Usisite kutumia kebo ndefu kidogo ikiwa itaifikisha antena mahali pa wazi. Vipo pia vipokezi vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya saa. Hivi, vikishajua mahali pao na kupakariri, huweza kuendelea kutoa wakati hata kama setilaiti inayosikika ni moja tu.

Kuliona pigo

Katika Linux, pigo hushughulikiwa na kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ambayo huandika muda mara tu ukatizaji (ishara ya kifaa inayoisimamisha kompyuta kwa muda ili ihudumiwe) unapotokea. Kwenye Raspberry Pi ongeza mistari hii katika faili config.txt, ambalo katika matoleo mapya limo ndani ya /boot/firmware:

enable_uart=1
dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Zima pia konsoli ya siriali, kwa maana mfumo ukiendelea kutumia mlango huo kwa ajili ya kuingia, utagombania maandishi na kipokezi. Kwenye kompyuta yenye RS-232, moduli ya pps_ldisc ndiyo inayohusika, na amri ya ldattach huifunga kwenye mlango wako. Baada ya kuwasha upya, faili la /dev/pps0 linapaswa kuwepo. Sakinisha pps-tools, kisha toa amri:

sudo ppstest /dev/pps0

Ukiona mstari mpya kila sekunde, na namba ya mfuatano ikiongezeka kwa moja, pigo limefika. Usiposhuhudia chochote, usiendelee na hatua nyingine. Vipokezi vingi havitoi pigo kabla ya kupata mahali, hivyo kwanza kipe kifaa dakika kadhaa chini ya anga wazi, kisha ukague waya na namba ya pini. Kazi hii isifanywe ndani ya kompyuta pepe, kwani ukatizaji hufika ukiwa umechelewa kwa kiasi kisichotabirika.

Kuunganisha jina na pigo

Sasa zinahitajika programu mbili: gpsd, inayosoma sentensi, na chrony, inayorekebisha saa ya mfumo. Katika faili la /etc/default/gpsd, kwa mifumo ya jamii ya Debian, andika:

DEVICES="/dev/serial0"
GPSD_OPTIONS="-n"
USBAUTO="false"

Alama ya -n isisahauliwe. Bila hiyo, gpsd husubiri mpaka programu nyingine ijiunge nayo ndipo ifungue kifaa, na chrony haijiungi kwa njia hiyo; yenyewe husoma tu kumbukumbu ya pamoja. Matokeo yake ni mfumo unaoonekana mzima huku hakuna wakati wowote unaopita ndani yake. Tumia cgps kuhakikisha kwamba setilaiti zinaonekana na tarehe ni sahihi.

Katika chrony.conf, acha seva za intaneti zilizokuwepo, kisha ongeza:

refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.0 delay 0.2 noselect
refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid PPS
makestep 1.0 3

Mstari wa kwanza huleta sentensi kutoka gpsd kupitia ile kumbukumbu ya pamoja (SHM), na neno noselect huizuia chrony isiiamini saa hiyo peke yake. Mstari wa pili husoma pigo moja kwa moja kutoka kwenye kerneli, na maneno lock NMEA ndiyo yanayolipa pigo jina. Mstari wa tatu huruhusu saa irukishwe katika masahihisho matatu ya mwanzo ikiwa imekosea kwa zaidi ya sekunde moja.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Sentensi zako huchelewa kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hutegemea kipokezi, kasi ya mlango na sentensi zilizowashwa, kwa hiyo namba iliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine haifai kuaminiwa. Acha mfumo ufanye kazi kwa saa kadhaa huku ukifuata seva za intaneti, na mstari wa PPS ukiwa umefungwa kwa alama ya # mwanzoni mwake ili usisomwe. Kisha toa amri ya chronyc sourcestats na utazame safu ya Offset kwenye mstari wa NMEA. Ukubwa wa namba hiyo, kwa mfano milisekunde 130, uandike katika mipangilio kuwa offset 0.130, uanzishe chrony upya, na uhakikishe kwamba tofauti imekaribia sifuri. Ikiwa imekuwa maradufu badala ya kupungua, badilisha alama ya kuongeza iwe ya kutoa. Ukamilifu hauhitajiki hapa. Mradi kosa la sentensi liwe mbali na nusu sekunde, kila pigo litapata jina lake sahihi. Likikaribia nusu sekunde, chrony itayakataa mapigo au itayapa majina ya jirani.

Baada ya hapo ufungue mstari wa PPS na utoe amri ya chronyc sources. Alama za #* mbele ya PPS zina maana kwamba pigo ndilo linaloongoza saa, na safu ya Reach ifikapo 377 ina maana kwamba majaribio manane ya mwisho yote yamefaulu. Namba hiyo imeandikwa kwa mfumo wa nane, kwa hiyo 377 ndicho kiwango chake cha juu.

Kosa linalojificha

Pigo lina ukingo wa kupanda na ukingo wa kushuka, na ni mmoja tu unaoashiria mwanzo wa sekunde. Ikiwa kompyuta inasoma ule mwingine, saa yako itakosea kwa upana wote wa pigo, ambao katika vipokezi vingi ni milisekunde 100, na itakosea kwa utulivu mkubwa: takwimu zitakuwa nzuri na uyumbaji mdogo. Hakuna kitu ndani ya GPS yako kitakachokuonya. Seva za intaneti pekee ndizo zitakazoonyesha kwamba zote zimetofautiana nawe kwa kiasi kilekile. Tiba yake ni kuandika /dev/pps0:clear badala ya /dev/pps0 ikiwa unatumia RS-232, au kuongeza assert_falling_edge kwenye mstari wa dtoverlay.

Kwa sababu hiyohiyo usiziondoe kamwe seva hizo. Wakati wa GPS ulianza kuhesabiwa tarehe 6 Januari 1980 na haupokei sekunde za nyongeza ambazo huongezwa kwenye UTC, saa rasmi ya dunia, na tangu tarehe 1 Januari 2017 umeitangulia UTC kwa sekunde 18. Kipokezi hujifunza tofauti hiyo kutoka kwenye ujumbe wa setilaiti, ambao huchukua dakika 12.5 kupita wote, na kabla ya hapo kinaweza kutangaza saa yenye kosa la sekunde nzima. Vilevile namba ya wiki katika ujumbe wa zamani wa GPS ina biti 10 tu, hivyo hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024. Ilirudi mwezi Agosti 1999 na mwezi Aprili 2019, na itarudi tena mwezi Novemba 2038. Kipokezi chenye programu ya zamani kinaweza kuamka siku moja kikiamini kwamba ni miaka karibu ishirini iliyopita, na pigo lake likaendelea kuwa sahihi kabisa.

Ntpd na jamii ya BSD

Anayependa ntpd, programu nyingine ya kurekebisha saa inayotumika badala ya chrony, anaweza kuiacha gpsd kabisa, kwa kuwa dereva namba 20 husoma sentensi na pigo kwa pamoja kupitia /dev/gps0 na /dev/gpspps0:

server 127.127.20.0 mode 17 minpoll 4 prefer
fudge 127.127.20.0 flag1 1 time2 0.130 refid GPS

Namba 17 huchagua sentensi ya RMC na kasi ya 9600. Flag1 huwasha pigo. Time2 ndiyo fidia ya kuchelewa kwa sentensi. Njia hii ndiyo iliyozoeleka katika FreeBSD, ambako dereva wa mlango wa siriali tayari anajua kusoma pigo la DCD, na kinachotakiwa ni kuunda viungo vya majina hayo mawili kuelekea /dev/cuau0. Katika OpenBSD, ldattach nmea hukigeuza kipokezi kuwa kihisi cha mfumo, na mstari wa sensor nmea0 katika ntpd.conf hukitumia.

Kompyuta ikishatulia unaweza kuiruhusu ihudumie mtandao wako kwa neno allow katika chrony.conf, likifuatwa na anwani za mtandao huo, na kwa kufungua mlango wa UDP 123 kwenye ukuta wa moto. Itajitangaza kuwa ya tabaka la 1, yaani iliyounganishwa moja kwa moja na chanzo cha wakati. Iweke mahali ambapo joto halibadilikibadiliki, kwa maana fuwele inayoendesha saa ya kompyuta hubadili mwendo wake kadiri joto linavyopanda na kushuka, na kebo ya antena ikikatika, fuwele hiyo ndiyo pekee itakayokuwa ikihesabu sekunde mpaka mawimbi yarudi.