Kabla Dalali Hajafika: Hatua za Kuinusuru Nyumba Iliyowekwa Rehani

Wengi wanaokuja kututaka ushauri hapa Mombasa huja na karatasi moja tu mkononi, nayo ni tangazo la mnada lililokatwa gazetini. Wakati huo njia zilizobaki huwa chache na zote ni ghali. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali zaidi, yaani pale malipo ya mwezi yanaposhindikana kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndipo mwenye nyumba anapokuwa na nguvu kubwa kuliko anavyodhani.

Hatua ya kwanza ni kukusanya karatasi zote: mkataba wa mkopo, hati ya rehani, taarifa ya akaunti tangu mkopo ulipotolewa, na kila barua iliyobadilisha riba. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji atoe ilani ya maandishi ya siku 30 kabla ya kupandisha riba inayobadilika, na wengi waliopandishiwa malipo Benki Kuu ilipofikisha riba yake ya msingi asilimia 13 mwezi Februari 2024 hawakuwahi kuitafuta barua hiyo. Tenganisha deni la msingi, riba na faini. Mkopo wa benki ukishahesabiwa kuwa haulipiki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba inayoongezeka baada ya hapo ipite kiasi cha deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Angalia pia saini ya mwenzi wako: rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu ikiwa mume au mke anayeishi humo hakuridhia. Anayemiliki nyumba bila ardhi, yaani iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, kama ilivyo desturi ya zamani hapa kwetu, aonane na wakili kwanza, kwani utaratibu ninaoueleza unahusu ardhi yenye hatimiliki iliyosajiliwa.

Hatua ya pili ni kuiandikia benki kabla haijakuandikia. Hapa ndipo nyumba nyingi huokolewa, na hapa pia ndipo watu wengi huharibikiwa, kwa sababu huenda kumwomba meneja huruma bila ya kumpa hesabu. Eleza kilichopungua, kwa mfano nyumba ya Nyali au Bamburi iliyokuwa ikikodishwa kwa watalii na sasa inakaa tupu, ambatisha ushahidi, kisha pendekeza jambo mahususi: muda wa mkopo urefushwe, au ulipe riba peke yake kwa miezi kadhaa, au malimbikizo yagawanywe katika malipo yajayo. Taja kiasi utakachokiweza hata katika mwezi mbaya, maana ahadi ikivunjwa mara ya pili, mlango huo hufunguka kwa shida sana. Peleka barua kwa mkono na ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Mkataba mpya ukiletwa, usitie saini kabla ya kuhakiki hesabu, kwa kuwa mara nyingi ndani yake mna kifungu cha kukiri deni lote kama lilivyoandikwa, na ukishakiri huwa vigumu kulipinga baadaye.

Hatua ya tatu ni kuandika tarehe ya kupokea kila ilani. Ukichelewa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kutoa ilani ya kwanza, ambayo ni lazima ionyeshe kiasi unachodaiwa, ikupe muda usiopungua miezi mitatu, na ikueleze haki yako ya kuiomba mahakama nafuu. Muda huo ukipita hufuata ilani ya kuuza, ya siku 40, ambayo nakala yake hupelekwa pia kwa mwenzi na kwa mdhamini. Dalali naye hutoa ilani ya siku 45, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini.

Hatua ya nne ni ngumu kuitamka mbele ya familia, lakini ninaisema kila mara: ikiwa mapato hayatarudi karibuni, tafuta mnunuzi mwenyewe, kwa idhini ya benki, ungali ndani ya miezi hiyo mitatu. Soko likiwa limelala, mnunuzi wa mnadani hutoa bei ndogo zaidi, na deni litakalosalia litaendelea kuwa lako. Ajiri mthamini aliyesajiliwa hata kama benki ina wake. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria huchukulia kwamba ameuvunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Ripoti ya mthamini wako ndiyo itakayokuwezesha kulionyesha hilo.

Mahakama iwe hatua ya tano. Amri ya kuzuia mnada hupimwa kwa vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: uwe na hoja ya msingi, uwe katika hatari ya kupata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha na, palipo na shaka, mizani ya madhara iangaliwe, yaani ni upande gani utakaoumia zaidi. Ilani isiyofikishwa au mwenzi asiyeridhia ni hoja. Ugumu wa maisha peke yake, hata uwe wa kweli namna gani, kwa kawaida hautoshi, na nimewaona watu wakitumia katika kesi dhaifu fedha ambazo zingelipa malimbikizo.

Hata tangazo likishatoka, haki ya kulipa deni na gharama na kuikomboa nyumba ingalipo mpaka nyundo igongwe. Iombe benki hesabu ya mwisho kwa maandishi, lipa kupitia akaunti ya mkopo yenyewe wala si mkononi mwa dalali, kisha fuatilia hati ya kuondoa rehani mpaka isajiliwe katika ofisi ya ardhi.